Pesa ya mboga inapotelea jikoni

Kabla ya kwenda Mwaloni, soko la samaki la hapa Mwanza, kununua dagaa, angalia mwezi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa. Mwanga unawavuta na kuwakusanya, kisha wavu unawazoa. Mbalamwezi ikishatanda, taa inakosa nguvu, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi huipumzisha mitumbwi kwa siku kadhaa. Ndiyo maana bei ya kisado hupanda mwezi unapokuwa mpevu na kushuka kwenye siku za giza. Anayenunua akiba ya wiki tatu wakati wa giza hulipa kidogo kuliko anayekimbilia sokoni kila baada ya siku mbili, na tena hupata dagaa waliokauka upya.

Nimeanza na mwezi kwa sababu nimechoka kusikia kwamba kula vizuri ni kula ghali. Kwa mji huu si kweli. Ziwa liko mlangoni. Choroko na dengu zinatoka Misungwi, Magu na Kwimba, mwendo mfupi tu. Muhogo unakuja kutoka Ukerewe na Sengerema, na mboga za majani zinalimwa hadi kwenye mabonde ya katikati ya mitaa yetu. Kinachotumaliza ni jinsi tunavyopika: dagaa wenye mchanga ambao watoto wanawatema, mchicha uliochemshwa mpaka ukawa matope, mafuta yanayomiminwa kwa kukadiria kwa macho, na mkaa unaoteketea chini ya choroko ambazo hakuna aliyekumbuka kuziloweka. Hasara hiyo haionekani kwa sababu hakuna anayekuandikia risiti yake.

Vipimo nitakavyotaja ni kwa mlo mmoja wa watu watano. Kikombe ni cha mililita 250, na kijiko ni kile cha chakula, cha kusawazisha, kisichorundikwa.

Dagaa wakavu

Dagaa mzuri anang'aa kama fedha, na ukimkunja anakatika kwa mlio. Akijikunja bila kukatika, bado ana maji, na ndani ya wiki moja atashika ukungu. Ukiona rangi imegeuka kuwa ya manjano au ya kahawia, ujue mafuta yake yameanza kuharibika. Dagaa ana mafuta mengi kwa umbo lake dogo, na mafuta hayo yakikaa muda mrefu kwenye unyevu na hewa yanatoa harufu kali inayokwaruza koo. Hali hii huzidi masika, kati ya Machi na Mei, kwa sababu jua linakatika katikati ya kuanika. Hakuna ndimu wala tangawizi itakayoiondoa harufu hiyo, kwa hiyo usinunue dagaa wa namna hiyo hata ukipunguziwa bei.

Muulize muuzaji bila aibu: "Mama, hawa wameanikwa kwenye chanja au mchangani?" Waliokaushwa kwenye chanja wanauzwa ghali kidogo, lakini ni wasafi na wamekauka pande zote mbili kwa sababu hewa inapita chini pia. Wa mchangani wanauzwa kwa kisado kilekile, ila sehemu ya unachobeba ni mchanga. Mwombe achote katikati ya gunia. Juu huwekwa wale wa kuvutia macho, na chini hubaki vumbi na vipande.

Sasa kuosha, na hapa ndipo mlo mwingi wa dagaa unapoharibikia. Watu humimina maji kwenye bakuli, wanapekecha, kisha wanainamisha bakuli na kuyamwaga maji huku dagaa wakizuiwa kwa mkono. Mchanga ni mzito. Ulikuwa umeshatua chini, na kwa kuinamisha bakuli umeurudisha juu ya dagaa. Fanya kinyume chake. Chambua dagaa wakiwa wakavu, toa vichwa kama una muda, maana vichwa ndivyo vinavyobeba mchanga mwingi, na utumbo unaotoka pamoja navyo ndio wenye uchungu. Tia dagaa kwenye maji ya uvuguvugu mengi, waache dakika tatu tu, wachezeshe taratibu, kisha waokote kwa vidole kutoka juu na kuwaweka kwenye bakuli la pili. Mwaga maji ya kwanza, suuza bakuli, rudia. Endelea mpaka ukipitisha kidole chini ya bakuli usisikie chembe. Mara nyingi ni mara tatu au nne. Usiwaache walowane nusu saa, kwani watavimba, watakatika ukiwakaanga, na ladha yao itaishia kwenye maji unayoyamwaga.

Wakishaoshwa, watandaze kwenye chujio au kitambaa safi kwa dakika 15. Hatua hii inarukwa sana. Dagaa wenye maji wakiingia kwenye mafuta hawakaangiki. Wanachemka kwa mvuke wao wenyewe, wanakuwa kama mpira, na wewe unaongeza mafuta ukidhani hayatoshi.

Kwa mlo wetu chukua vikombe viwili vya dagaa waliokwisha kuchambuliwa, vitunguu maji viwili, nyanya nne za wastani zilizoiva, punje tatu za kitunguu saumu, karoti moja, vijiko vitatu vya karanga zilizosagwa, vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti au ya pamba, ndimu moja, na chumvi.

Pasha vijiko viwili vya mafuta kwenye kikaango kipana, moto wa wastani. Tia dagaa, waache dakika moja bila kuwagusa, kisha geuza mara kwa mara kwa dakika tano au sita. Sikiliza: mwanzo wanachachatika kwa sauti ya maji, baadaye sauti inakuwa kavu na nyepesi. Sauti ikibadilika, watoe. Wakifika kahawia iliyokolea wameshapitiliza, na uchungu wa dagaa aliyeungua hauondoki.

Kwenye kikaango hicho hicho ongeza kijiko cha tatu cha mafuta, kaanga vitunguu maji mpaka vilainike, weka kitunguu saumu kwa nusu dakika tu, kisha nyanya zilizokatwa ndogo na karoti iliyokwaruzwa. Funika. Nyanya zikishajiachia maji, funua uendelee kupika mpaka rojo liwe zito na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Hiyo ni kama dakika nane hadi kumi. Mchuzi wenye uchachu mkali unaolalamikiwa na watu wengi umetokana na nyanya zilizoharakishwa. Hauhitaji sukari, unahitaji dakika nne zaidi. Na hapa hakuna haja ya nyanya ngumu za bei. Mafungu ya jioni ya nyanya masalo, zile laini zilizobaki, yanafaa kabisa kwa rojo, mradi ukate sehemu yoyote iliyooza na usinunue zenye ukungu.

Karanga usizimwage moja kwa moja kwenye sufuria. Zikutane kwanza na kikombe kimoja na nusu cha maji ya uvuguvugu, ukoroge mpaka usione donge, ndipo umimine. Punguza moto. Mchuzi wa karanga unashika chini haraka na ukichemka kwa nguvu unafurika. Koroga kwa mwiko unaogusa kitako cha sufuria kwa dakika kumi. Mwisho rudisha dagaa, wape dakika tatu za kushika ladha, onja, ndipo utie chumvi. Baadhi ya dagaa wamewekewa chumvi wakati wa kukaushwa, na ukianza na chumvi mwanzoni hutaweza kuipunguza. Kamulia ndimu sufuria ikiwa imeshaepuliwa.

Neno moja zito kuhusu karanga. Zichambue moja moja. Toa zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi na zenye ladha chungu. Sumukuvu inayotokana na ukungu huo haiishi kwa kukaanga wala kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Kwa sababu hiyo nashauri ununue karanga nzima, uchambue na kusaga mwenyewe kwenye kinu au mashine, kuliko kununua zilizokwisha sagwa usizojua zilikuwaje.

Kuhusu watoto: dagaa huliwa na mifupa yake, na hapo ndipo anapoishinda nyama kwa madini ya chokaa, yale yanayojenga mifupa na meno. Chukua dagaa waliotolewa vichwa, walioshwa na kukaushwa tena juani, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wakauke kabisa, twanga, chekecha kwa chekecheo laini. Kijiko kimoja cha chai cha unga huo kwenye bakuli la mboga au viazi vilivyopondwa kinamtosha mtoto kwa mlo mmoja. Kwa mtoto anayeanza kula, hakikisha dagaa wako hawakutiwa chumvi. Tengeneza unga wa wiki mbili, si wa miezi mitatu. Unga wa dagaa unaharibika haraka kuliko dagaa mzima kwa sababu hewa inaufikia wote. Chupa kavu, kifuniko kinachokaza, na kijiko kikavu kila unapochota.

Dagaa wabichi ni habari nyingine. Ukiwapata alfajiri Igombe au Kayenze, wapike kabla ya adhuhuri. Osha kwa maji baridi yenye chumvi kidogo, chuja, kamulia ndimu, kaanga na vitunguu na pilipili hoho. Hawavumilii safari ndefu kwenye mfuko juani, na akishapasuka tumbo usimhangaikie.

Mapanki na vichwa vya sangara

Viwanda vya minofu vilipoingia Mwanza miaka ya 1990, minofu ya sangara ilianza kusafirishwa nje, na mjini vikabaki vichwa na mifupa, yaani mapanki. Wapo wanaoviona kuwa ni chakula cha mtu aliyeshindwa. Kama ni vibichi na vimeshughulikiwa kwa usafi, mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kichwa cha sangara kina nyama nzuri mashavuni na shingoni, na mafuta yake yana omega-3, ile ile ambayo watu wanaifuata kwenye vidonge vya mafuta ya samaki.

Sharti ni ubichi. Matamvua yawe mekundu, jicho liwe angavu na limejaa, nyama iliyobaki kwenye mfupa iwe nyeupe yenye wekundu, isiwe na rangi ya kahawia. Harufu iwe ya maji ya ziwa. Nunua asubuhi, ubebe kwenye ndoo yenye kifuniko, na kama nyumbani ni mbali, Buhongwa au Igoma, weka barafu.

Nyumbani, jambo la kwanza ni kutoa matamvua yote na damu iliyoganda kando ya uti wa mgongo. Suuza kwa kidole mpaka maji yawe meupe. Sehemu kubwa ya shombo na uchungu wa supu inatokana na vitu hivyo viwili, na ndiyo sababu watu wanamwaga viungo vingi kuficha kitu ambacho maji yangekiondoa. Pasua kichwa mara mbili, nyunyizia ndimu na chumvi nusu kijiko, acha dakika kumi, suuza.

Weka kwenye sufuria na maji baridi lita mbili. Baridi, si ya moto: yakipashwa polepole, uchafu unapanda juu kama povu na unaweza kuuengua kwa upawa. Ukianza na maji yanayochemka, povu hilo linavunjikia ndani na supu haiwi angavu. Likishaacha kutoka povu, tia kitunguu maji kimoja kilichokatwa mara nne, tangawizi kipande cha urefu wa kidole gumba kilichopondwa, karoti, nyanya mbili, pilipili hoho moja. Acha ichemke taratibu, vipovu vidogo tu, kwa dakika 25. Mifupa ya samaki si ya ng'ombe. Ukiipikia saa mbili supu inakuwa na ladha nzito isiyopendeza, na unateketeza mkaa bure. Ndizi mbichi tatu au viazi mviringo vitatu vikiongezwa dakika kumi za mwanzo, supu hiyo inakuwa mlo kamili.

Na sangara wachanga? Sangara wa chini ya sentimita 50 na sato wa chini ya sentimita 25 hawaruhusiwi kuvuliwa. Wanauzwa bei nafuu, najua. Lakini kila fungu la sato wa kiganja unalolinunua linapunguza samaki ambao wangezaa, na bei ya sato mkubwa inayotutesa leo inaanzia hapo. Waache.

Majani

Mboga za majani ndicho chakula cha bei ndogo kuliko vyote mjini hapa, na ndicho tunachokiua zaidi. Kuna makosa matatu yanayojirudia.

La kwanza ni kukata kabla ya kuosha. Kila ukikata jani unafungua mlango wa vitamini kutokea, kisha unaliosha kwenye maji na kuyamwaga. Osha majani mazima, mara tatu, kwa mtindo uleule wa dagaa: okota kutoka juu. Kisha kata, kisha sufuriani hapo hapo.

La pili ni magadi. Magadi yanalainisha haraka na kuacha rangi ya kijani ya kuvutia, lakini yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na yanaongeza sodiamu kwa mtu ambaye pengine ameshaambiwa apunguze chumvi. Mlenda wenye magadi una utamu wake na sitamnyang'anya mtu mlenda wa kwao. Nasema tu kwamba mchicha hauna haja yoyote ya magadi.

La tatu ni muda. Mchicha unahitaji dakika tatu hadi nne. Mafungu matatu kwa watu watano, maana unasinyaa sana. Kaanga kitunguu kwenye kijiko kimoja na nusu cha mafuta, nyanya moja, tia mchicha wenye matone ya maji ya kuoshea tu, geuza kwa moto mkubwa bila kufunika, chumvi, epua. Ukiona maji mengi yamejaa chini, moto wako ulikuwa mdogo au uliongeza maji yasiyohitajika. Usiuendeleze kwenye moto ili maji yakauke. Epua, na mchuzi huo uliwe na ugali, kwa sababu humo ndimo nguvu ya mboga ilikohamia. Mafuta kidogo hayo yana kazi: rangi ya majani inayogeuka kuwa vitamini A mwilini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Lakini kijiko kimoja na nusu kinatosha, si nusu kikombe.

Matembele, chagua ncha laini, menya nyuzi za shina. Dakika tano hadi saba. Kamulia ndimu mwishoni, yanapendeza.

Mgagani unahitaji heshima yake. Ni mchungu, na uchungu huo unawakimbiza vijana. Ondoa mashina na maua, osha, chemsha kwa vikombe vitatu vya maji yenye chumvi kidogo kwa dakika kumi, kisha mwaga maji hayo mara moja tu. Ukimwaga mara tatu, kama wengine wanavyofanya, unabaki na nyuzi. Rudisha jikoni na kitunguu kilichokaangwa, kisha kikombe kimoja cha maziwa, moto mdogo, dakika kumi na tano, ukikoroga. Maziwa ndiyo yanayoutuliza uchungu. Usiweke nyanya wala ndimu kwenye mgagani wa maziwa. Uchachu wake utayakata maziwa na utapata mabonge. Asiyetumia maziwa aweke vijiko vitatu vya karanga zilizokorogwa kwenye maji, na hapo nyanya inaruhusiwa.

Kisamvu ndicho pekee nisichokubali kiharakishwe. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi inayopungua kwa kutwanga na kuchemshwa. Yatwangwe mpaka yawe laini kabisa, kisha yachemshwe bila kufunika kwa dakika 45 au zaidi, ili sumu itoke na mvuke. Kisamvu kilichosagwa kinachouzwa sokoni nacho kichemshwe hivyo hivyo.

Choroko na mkaa

Choroko vikombe viwili zinalisha watu watano na kubaki za kesho. Chambua, tafuta zenye tundu. Ukiona tundu nyingi au unga chini ya mfuko, wadudu wameshakula sehemu ya ulicholipia. Loweka kwenye maji vikombe sita kwa saa nne hadi sita. Kwa joto letu usiziache usiku kucha na mchana wake. Maji yanaanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Mwaga maji ya kulowekea, weka maji mapya vikombe vitano, chemsha.

Choroko zilizolowekwa huiva kwa dakika 30 hadi 40. Zisizolowekwa zinaweza kukaribia saa nzima. Fanya hesabu hiyo kwa mkaa wa mwezi mzima uone. Njia ya kuokoa zaidi: zichemshe kwa nguvu dakika kumi na tano, funika vizuri, epua sufuria, izungushie blanketi zito ndani ya kapu kubwa au ndoo, uache saa moja na nusu. Joto lililomo linamalizia kazi. Ukifungua, rudisha jikoni kwa dakika kumi na viungo vyako. Usifungue katikati kuchungulia, maana joto likitoka halirudi.

Nyanya ziingie baada ya choroko kuiva. Uchachu wa nyanya unafanya ganda liwe gumu, na mtu akilalamika kwamba choroko zake zimekataa kuiva tangu mchana, uliza kwanza nyanya aliziweka saa ngapi. Sababu ya pili ni choroko kuukuu, zilizokaa ghalani misimu miwili. Hizo hata moto wa siku nzima hauzilainishi vizuri. Ukishaunga, tupia fungu moja la mchicha uliokatwa dakika tatu kabla ya kuepua, na ndimu mezani. Ndimu ina kazi kubwa kuliko ladha: vitamini C yake inausaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye choroko na majani. Chai hufanya kinyume. Kikombe cha chai ya rangi pembeni ya sahani kinazuia madini hayo kufyonzwa, kwa hiyo kinywewe saa moja baadaye, hasa kwa mama mjamzito.

Ugali, viazi, michembe

Hapa sitakaa sana. Dona lina kiini na ganda la mahindi, kwa hiyo lina lishe zaidi kuliko sembe, lakini kiini hicho kina mafuta na unga unachacha mapema. Saga kidogo kidogo, wiki mbili zikutoshe. Anza na uji mwepesi wa vikombe vitano vya maji, uache uchemke dakika tano kamili kabla ya kuanza kusonga, na ukishasonga punguza moto uache dakika nane nyingine. Ugali unaosumbua tumbo unaweza kuwa ule uliosongwa juu ya uji ambao haukuchemka.

Ugali wa muhogo unashibisha ila hauna protini ya kutosha. Usiuweke mezani na mchicha peke yake. Dagaa au choroko viwepo. Ukichanganya mtama sehemu moja kwa muhogo sehemu mbili, unapata ugali mzuri zaidi kwa mwili na, kwa maoni yangu, mtamu zaidi.

Viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, viazi lishe, ni vya kutafutwa ukiwa na watoto wadogo, kwa sababu ya vitamini A. Chemsha na maganda yake, menya baadaye. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa, ioshwe, ilowekwe nusu saa, ichemshwe dakika 30 hadi 40, kisha ipondwe pamoja na karanga zilizosagwa vijiko vinne na chumvi kidogo. Kwa kifungua kinywa inashinda maandazi kwa kila kitu: bei, shibe na mafuta.

Mafuta na viporo

Nunua kijiko cha kupimia na ukiweke kando ya dumu la mafuta. Kwa kuhesabu vijiko badala ya kumimina, familia nyingi zingeona dumu la lita tano likidumu muda mrefu zaidi bila mtu yeyote kulalamika mezani. Mafuta yaliyokaangia samaki yachujwe yakipoa na yatumike mara moja nyingine kwa samaki tu. Yakishakuwa meusi, mazito, au yakianza kutoa moshi kabla hayajapata moto wa kutosha, yamekwisha.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili kwa joto la mchana wa Mwanza. Asiye na friji apike kipimo cha mlo huo, na ndiyo sababu nimetoa vipimo. Mchuzi wa dagaa uliobaki mchana ufunikwe na uingie kwenye friji, kisha uchemshwe tena mpaka utokote, uliwe jioni hiyo hiyo. Choroko za kesho zitoe kwenye sufuria kabla ya kuziunga nyanya na kitunguu, kwa kuwa zikiwa tupu, bila viungo, hukaa vizuri zaidi. Zikipoa ziingie kwenye friji, na kesho yake zichemshe tena. Wali ndio wa kuogopa. Wali uliolala nje ya friji unaweza kuwa na bakteria waliokwisha kuacha sumu yao ndani, na sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto, hata ukiukaanga kwa mafuta asubuhi kama wengi wanavyofanya. Ukibaki, utandaze kwenye sinia upoe haraka na uingie kwenye friji ndani ya saa moja. Bila friji, usibakize.